Ukuta wa Mayatima Wawili



  

Wazee wangu, masheikh, vijana, na mama zetu mlio upande wa pili wa pazia. Jumatatu baada ya isha simu yangu iliita, namba siijui. Nikapokea, nikasikia sauti ya binti, anaongea kwa kunong'ona kama mtu aliye chumbani na wenzake wamelala. Akajitambulisha kwa jina la mama yake, ndipo nikamjua. Ni binti wa hapa kwetu Pangani, yuko mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, anasomea uhandisi ujenzi kwa pesa ya ufadhili. Hakuzunguka sana. Akaniuliza, "Sheikh, bumu limeingia leo. Nikimtumia mama lote, nitakuwa nimefanya dhambi?"

Kwa wazee wasiolijua neno hilo, bumu ni posho ya chakula na malazi. Wanafunzi ndio walioipa jina hilo zamani, na likiingia chuo kizima kinasikia.

Nikamuuliza kuna nini nyumbani. Akasema masika hii imeangusha ukuta wa jiko la mama yake, ule wa upande wa baharini. Mama yake, kama wengi wenu mnavyojua, anapika vitumbua alfajiri, na wengine humu mmevila asubuhi ya leo. Sasa mvua ikija na upepo moto unazimika, unga uliolowekwa usiku unaharibika, na siku hiyo nyumba haina kitu. Fundi ameshatajiwa, bei imeshatajwa. Mama hakuomba. Ni mdogo wake yule binti aliyemwambia.

Sikumjibu. Nilimwambia usitume hata shilingi, nipe mpaka Ijumaa. Mama yake nimekwenda kumwomba ruhusa ya kuyasema haya mbele yenu, akanipa, ingawa kwa kusita. Kwa hiyo mawaidha ya leo ni jibu la swali la simu. Ila kila nilivyozidi kulifikiri lile swali niliona kuwa aliyepaswa kuuliza si yule binti.

Leo ni Ijumaa, na wengi wenu mmekwisha soma Suratul-Kahf, na wengine mtaisoma kabla jua halijatua. Tunaisoma kila wiki mpaka ulimi unakwenda wenyewe, na ulimi ukienda wenyewe mtu hupita juu ya hazina kama anavyopita juu ya mchanga. Nataka leo tusimame kwenye aya ya 77, kisha turuke hadi ya 82. Tusimame tu hapo.

Nabii Musa (a.s.) na yule mja mwema, ambaye hadithi zinamtaja kwa jina la Khidhri, wanafika mji mmoja. Wamechoka na wana njaa. Wakawaomba wenyeji chakula, wenyeji wakakataa kuwakaribisha. Mji mzima, jamani! Hapa kwetu mgeni akishuka kivukoni na njaa hakosi angalau chai na muhogo wa kuchemsha, au walau ndivyo tunavyojisifu. Basi katika mji huo huo wenye roho ya kutu wakakuta ukuta umeinama, unataka kuanguka. Khidhri akausimamisha. Nabii Musa akashangaa. Watu hawa wametunyima chakula, na wewe unawajengea bure? Ungetaka, si ungechukua ujira tukala? Njaa ilikuwa inasema, na hakuna anayeweza kumlaumu.

Baadaye akaelezwa. Ukuta ule ulikuwa wa watoto wawili mayatima. Chini yake palikuwa na hazina yao, na baba yao alikuwa mtu mwema. Mola wao alitaka wafikie utu uzima kwanza, kisha waitoe hazina yao wenyewe.

Angalieni alichokifanya yule mja na asichokifanya. Hakuichimba ile hazina akawakabidhi. Hakuwaambia wana mji kuwa hapa pana kitu, wangeifukua usiku ule ule, na hao ni watu waliowanyima wasafiri chakula. Wala hakuwaachia wale watoto fedha. Alisimamisha ukuta, akawapa muda wa kukua. Akaondoka, na mayatima wenyewe pengine hawakujua kamwe ni nani aliyepita siku ile.

Mimi sikusoma uhandisi. Nilifundisha Kiswahili na dini shule za huku pwani mpaka nikastaafu. Lakini kwa akili yangu ya kizee, kusomesha mtoto kwa ufadhili ndiko huko kusimamisha ukuta. Hazina ni ile akili aliyopewa na Mola wake. Ada, chakula, kitanda, vitabu, hayo yote ni mawe na udongo wa kuisitiri hazina mpaka mwenyewe afike umri wa kuitoa. Na sisi tulio nje kazi yetu kubwa ni kutouegemea ule ukuta.

Sasa tuseme ukweli kuhusu pesa hii, maana watu husema "kapata ufadhili" kama wanavyosema "kaokota". Mwaka wa masomo 2022/23 serikali ilianzisha ufadhili uliopewa jina la Rais Samia, kwa vijana waliofaulu kwa kiwango cha juu kabisa masomo ya sayansi kidato cha sita, waende wakasome sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati na tiba. Bajeti ya mwanzo ilikuwa shilingi bilioni 3. Unabeba ada, chakula na malazi, vitabu, mafunzo kwa vitendo na utafiti, na pesa inapitia Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Bilioni hizo hazikuteremka kutoka mawinguni. Mvuvi anayenunua mafuta ya boti amechangia. Mama wa vitumbua anaponunua sukari amechangia. Na una masharti. Kijana asiposhika kiwango cha ufaulu kilichowekwa, ufadhili unasimama.

Wako pia waliosomeshwa na Benki ya Maendeleo ya Kiislamu yenye makao yake Jeddah. Tangu mwaka 1983 ina mpango wa kuwasomesha vijana wa jamii za Kiislamu katika nchi ambazo si wanachama wake, na Tanzania imo, hasa kwa masomo kama udaktari na uhandisi. Utaratibu wake mimi huupenda sana. Kwa kijana ni mkopo, qardhi hasana, hauna riba hata senti. Kwa jamii ni zawadi. Yaani akimaliza na kupata kazi anarejesha kidogo kidogo, lakini harejeshi Jeddah. Anarejesha kwenye mfuko wa Waislamu wa nchi yake, na pesa hiyo hiyo inamsomesha mtoto mwingine. Pesa moja inasomesha watu watatu, wanne, na yule wa nne hamjui wa kwanza.

Ndugu zangu, hiyo ni amana. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, tumeamrishwa kuzifikisha amana kwa wenyewe. Na sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa amana kwa kitabu kikubwa, tuna minazi. Kila mzee humu anajua habari ya mnazi wa wakfu wa msikiti. Mtoto mtundu wa Pangani ataangua dafu kwa jirani, ataangua kwa babu yake, lakini mnazi wa msikiti anaupita mbali. Kwa nini? Hauna mlinzi, hauna uzio. Ni kwa sababu aliyeuweka wakfu alisema nazi zake ni za mafuta ya taa za msikiti, au za mkeka, au za futari, na wanazuoni wetu wanalichukulia sharti la mweka wakfu kwa uzito mkubwa sana. Huwezi kusema, "Leo nina shida, naangua tatu, kesho nitarudisha." Tumbo lenyewe linakataa.

Mbona basi bumu la mwanafunzi tunaliangua?

Sizungumzi juu ya mtu mwingine. Nazungumza habari yangu, na nilikuwa sijamwambia mtu mpaka wiki hii.

Mtoto wa dada yangu alikuwa katika kundi la mwanzo kabisa la ufadhili ule wa Rais Samia, mwaka huo wa 2022. Uhandisi mitambo. Tulimsindikiza kwa dua, ubani ukafukizwa, shangazi yake akamfungia mkate wa kumimina kwenye karatasi la gazeti, akapanda basi la alfajiri na begi moja na ndoo. Watu wakanipa mkono mimi mjomba kana kwamba nimefaulu mimi. Nami nikaupokea mkono.

Haukupita mwezi, nikawa na mchango wa harusi. Mnajua vikao vyetu vya harusi. Mtu anasimama mbele ya watu anataja ahadi kubwa kuliko mfuko wake, wanampigia makofi, anakaa chini anaanza kutafuta. Niliahidi laki moja, nilikuwa na nusu yake, na kadi ile pale mezani inanitazama. Nikampigia mtoto. "Mjomba, nasikia bumu limetoka." Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Sawa mjomba." Haikufika robo saa simu ikalia, 50,000 imeingia. Nikaenda kikaoni nikaweka, nikaandikwa nimemaliza ahadi. Ile "sawa mjomba" mimi niliisikia kuwa ni adabu. Nikawasifia watu jinsi tulivyomlea.

Miezi michache baadaye nikaenda Dar es Salaam kwenye msiba, Magomeni. Jumapili nikasema nimpitie mtoto. Alikuwa Hosteli ya Mabibo. Chumbani kwake kulikuwa na watu wengi kuliko vitanda, maana wanafunzi wana jambo lao wanaliita kubebana. Aliyekosa nafasi ya kulala anabebwa na aliyepata, kitanda kimoja cha futi tatu vijana wawili, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule. Yeye alikuwa amembeba mwenzake kutoka Mtwara. Sikujua kama nijivune au nisikitike.

Akatoka kuninunulia kinywaji. Mezani palikuwa na daftari kubwa. Kupekua daftari la mtu si adabu, najua, na niliwachapa wengi kwa kosa hilo enzi zangu. Nikalifungua. Ukurasa mmoja ulikuwa wa matumizi, umepigwa mistari kwa rula kama michoro yao. Chakula. Fotokopi. Karatasi za michoro. Kalkuleta. Chini yake ameandika "Mjomba", na mbele yake 50,000. Pembeni ameandika tarehe tano zinazofuatana, na mbele ya kila moja maneno mawili, "chai, andazi". Tarehe tano.

Nikapiga hesabu, na hesabu yenyewe haihitaji kalkuleta. Posho hupimwa kwa siku, nami nilichukua 50,000, ndizo zile tarehe tano. Nilikuwa nimekula siku tano za mtoto yatima, maana baba yake alifariki yuko darasa la nne. Nilizila kwenye pilau la harusi ya watu, nikapigiwa na makofi.

Akarudi na soda. Moja. Akanifungulia, akaniwekea, akakaa kwenye ukingo wa kitanda kunitazama nikinywa.

Mwaka ule alipata sapu ya hisabati. Sapu ni mtihani wa marudio, anayefeli somo anapewa nafasi ya kulirudia. Si kwamba amefukuzwa. Kufukuzwa wanaita kudisko. Lakini habari ilipofika huku ilikuwa imeshanenepa njiani, na barazani kwa wacheza bao ikawa mtoto wa fulani kadisko, Mlimani pamemshinda. Hakuna hata mmoja aliyempigia simu kumuuliza. Mimi pia sikupiga, kwa kuwa nilikuwa naogopa kusikia kwamba zile siku tano zilikuwa karibu na wiki ya majaribio. Sijamuuliza mpaka leo. Akairudia ile sapu, akapita.

Alipokuja likizo alikuwa na kipande cha chuma mfukoni, kidogo kama kibiriti. Akakiweka mbele yangu. Wanafunzi wa uhandisi huingizwa karakana. Alisema alikifunga kwenye jiriwa akakipiga tupa siku nyingi mpaka kikanyooka pande zote, na kila jioni mwalimu anakiweka kwenye kipimo, anakitazama, anamrudishia. Hakijanyooka. Rudia. Nikakishika. Kilikuwa kizito na laini, na kingo zake ungeweza kukatia uzi. Nikamkumbuka Nabii Daud (a.s.), ambaye Mwenyezi Mungu alimlainishia chuma, na katika Surat Sabaa akaagizwa apime barabara katika kuunganisha pete za deraya. Nabii huyo, mfalme, mwenye sauti ambayo milima iliitikia tasbihi zake, anaagizwa habari ya vipimo vya pete. Msidhani basi kwamba kijana anayeshinda karakanani yuko mbali na dini yake.

Wala asione haya kwamba anakula cha ufadhili. Imam Ghazali na mdogo wake Ahmad waliachwa mayatima, nao wawili kama wale wa ukutani. Baba yao alikuwa msokota sufi, mtu asiyejua kuandika na mwenye kuumia kwa hilo, akawaacha kwa rafiki yake na akiba kidogo ya kuwasomesha. Akiba ikaisha. Yule rafiki, naye maskini, akawaambia waende madrasa, kule wanafunzi hupewa chakula. Wakaenda kwa ajili ya chakula, na Ghazali mwenyewe alikuja kukiri kuwa mwanzo nia haikuwa safi, elimu ndiyo iliyowabadilisha nia. Lile lilikuwa bumu, ndugu zangu, miaka karibu mia tisa na hamsini iliyopita. Na wale waliompa sahani ya chakula mtoto wa msokota sufi hatuwajui hata majina.

Nirudi kwa binti yetu na swali lake. Ni dhambi?

Nimeuliza wanaonizidi elimu. Posho akishaipokea iko mkononi mwake, na mama ni mama. Mtoto aliyebana tumbo lake akamtumia mama yake, mimi sina ulimi wa kumwita mkosaji, na msimwite. Lakini pesa ile ilitolewa kwa kazi maalumu, ale, alale, asome, ashike kiwango alichowekewa. Akiitoa yote kwa ukuta wa jiko, atabaki na nini mpaka awamu nyingine? Chai na andazi, na safari hii si siku tano. Kisha aingie chumba cha mtihani na tumbo hilo, akutane na mekaniki na hisabati zilizomtoa jasho mtoto wa dada yangu. Akishuka chini ya kiwango, ufadhili unasimama, na ukuta wa hazina umeanguka kwa ajili ya ukuta wa jiko.

Na kwa mabinti kuna la zaidi. Akirudi nyumbani mara moja tu kwa kukosa pesa, mnajua kinachofuata. Atatokea shangazi na posa mkononi, na uhandisi utakuwa hadithi ya kusimulia wajukuu. Sisemi ndoa ni mbaya. Nasema posa ina tabia ya kuja siku ambayo mtu hana nguvu ya kukataa.

Kwa wanafunzi wenyewe nina neno dogo, na najua wengine mnanisikiliza kwa simu zilizowashwa mifukoni mwa waliomo humu. Amana iko kwenu pia. Bumu si la viatu. Na kudesa, kunakili kwa jirani kwenye mtihani, kwa mwanasheria huenda ni aibu tu, lakini kwa mhandisi ni zege lisilo nondo. Katika mto wetu huu tumeona nguzo za daraja zikiota ndani ya maji, daraja la mita 525, kwenye barabara ya kutoka Tanga kupita hapa na Saadani mpaka Bagamoyo. Sisi tuliozaliwa na kivuko, tuliolala Bweni kwa kukikosa, tuliovusha maiti usiku kwa mashua, tunajua maana yake. Nani atapanda juu yake na watoto wake akisikia aliyepiga mahesabu aliyachungulia kwa mwenzake?

Maana mji huu, wallahi, unawahitaji. Wazee mliobaki mnakikumbuka Kisiwa cha Maziwe kikiwa na mivinje, kasa wakitaga chini yake. Bahari ikala mchanga, mti wa mwisho ukaenda kwenye miaka ya mwanzo ya themanini, na leo maji yakijaa unapita juu yake kwa ngalawa. Ukuta wa ufukweni hapo mbele, tunaoukalia jioni kupunga upepo na kuwasema watu, ndio unaosimama baina ya mji na bahari hiyo hiyo. Kuta haziombi dua zikasimama. Kuna mtu alikaa akapima mawimbi, akajua jiwe liwe zito kiasi gani na msingi uende chini kiasi gani. Mtu huyo naye aliwahi kuwa mwaka wa kwanza, na mahali fulani alikuwa na mjomba.

Katika sura hii hii ya leo, kuanzia aya ya 83, yumo mjenzi mwingine, Dhulqarnaini. Watu walimlalamikia Juju na Majuju, wakasema tutakulipa, tujengee kizuizi. Akasema aliyopewa na Mola wake ni bora kuliko malipo yao. Ila alitaka kitu. Aliwataka wamsaidie kwa nguvu zao. Leteni vipande vya chuma, vukuteni mpaka viwe moto, leteni shaba iliyoyeyuka nimwagie. Utaalamu alikuwa nao. Mikono ilikuwa yao. Hakuwaambia wakae barazani wasubiri.

Sisi tunajua kusubiri. Tunamsindikiza mtoto kwa ubani, kisha tunamsubiri miaka minne aje na gari. Katikati hapo hatuna habari naye, isipokuwa siku bumu limetoka. Siku hiyo habari tunazo kabla ya yeye mwenyewe. Mama yake anaumwa hatujui, ukuta wake umeanguka wiki ya tatu leo na tunapita hapo kila alfajiri kununua vitumbua, tunasema, "Mama, leo umechelewa." Mimi nimesema hivyo. Tumepofushwa na nini mpaka tusiuone ukuta? Wale wenyeji wa mji aliopita Khidhri angalau walikuwa hawawajui wageni wao.

Binti yetu aliye Mlimani hatuwezi kumlipia ada, na ada haihitajiki kwetu, imeshalipwa. Tunachoweza ni kuhakikisha simu ya kutoka nyumbani haimfikii na neno "pesa" ndani yake. Basi.

Naona muadhini amesimama, na khatibu ananitazama. Nimalizie.

Usiku ule ule wa Jumatatu nilimpigia mtoto wa dada yangu. Sasa yuko mwaka wa mwisho. Nikamweleza habari ya daftari, kwamba nililifungua. Akacheka, akasema, "Nilijua mjomba, uliliacha limefunguka ukurasa ule ule." Nikamwambia nataka kumrudishia 50,000 yake. Akasema nisimtumie yeye, ninunue fito.

Fito nimenunua, mizigo mitatu, ziko uani kwangu. Hazitoshi, ukuta ule ni mrefu kuliko nilivyodhani. Mwenye fito nyumbani, au boriti iliyobaki, aje nayo. Kesho Jumamosi baada ya alfajiri tunatoka hapa msikitini kwa miguu, si mbali. Udongo mwekundu vijana wa madrasa wameshausogeza, maji yako kisimani kwa jirani, na jirani amekubali. Mwenye beleshi aje na beleshi. Anayejua kukandika vizuri asijifiche, tunawajua. Mama amesema atawasha moto upande ambao haujaanguka, na vitumbua vya kesho haviuzwi.

Na tafadhali, asitokee mtu kupiga picha akamtumia yule binti. Ana jaribio Jumatatu.